Mbwa Koko wa Kariakoo na Nduguye Basenji

Mbwa wa kienyeji aonekanaye Kariakoo, Dar es Salaam, iwe Mtaa wa Kongo au nyuma ya maghala ya Gerezani, ana umbo lisilotofautiana sana kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ni mnyama wa kimo cha kati, mkavu wa mwili, mwenye manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Rangi yake aghalabu ni hudhurungi inayoelekea wekundu wa udongo, na wengi wana weupe kifuani, vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Kichwa ni kipana kati ya masikio, kisha kinachongoka kuelekea puani. Masikio husimama wima, au husimama nusu na ncha zikaangukia mbele. Mkia, mbwa akiwa hana hofu, hupanda juu na kupinda kuelekea mgongoni. Adhuhuri, mitaa inapofurika wamachinga na wateja, hulala chini ya mkokoteni uliosimama au pembeni mwa kizimba cha taka, amejikunja, pua imefunikwa na mkia. Macho yamefumba, lakini sikio la juu linafanya kazi: hugeuka kuelekea lango la chuma linalofunguliwa, hurudi, hugeuka tena bodaboda inapopiga honi, na mbwa mwenyewe hainui kichwa mpaka asikie hatua zinazomjia yeye.

Wenye mji humwita koko, kwa maana ya mbwa asiye na mbegu. Mbwa wa mbegu, kwa mazungumzo ya mjini, ni yule aliyetoka nje au aliyezaliwa na wazazi waliotoka nje, naye huuzwa kwa bei. Koko haulizwi bei. Mhadhara huu unahusu mbegu yake, kwa sababu anayo, nayo ni ya kale kuliko ya wengi wanaofungwa minyororo nyuma ya mageti ya Masaki na Mbezi.

Watu wanaofuga mbwa kwa kanuni za Ulaya hulitambua mara moja umbo lililoelezwa hapo juu. Masikio yaliyosimama, uso uliochongoka na mkia unaopinda ndizo alama tatu za kundi la mbwa liitwalo spitsi. Humo wamo Samoyed wa Siberia, Akita wa Japani, Husky wa kuvuta sleji na Pomeranian, yule mdogo wa kubebwa mkononi. Hao ni mbwa wa baridi: wana manyoya ya tabaka mbili, la ndani likiwa zito na laini, na la nje likiwa refu. Koko wa Dar es Salaam hana tabaka la ndani, na angekuwa nalo asingemaliza mwezi wa Februari. Hata hivyo Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911 na lenye makao yake nchini Ubelgiji, limeweka kundi moja, la 5, kwa ajili ya spitsi pamoja na mbwa wanaoitwa wa asili. Katika sehemu ya 6 ya kundi hilo yumo mbwa wa Kiafrika, basenji, ambaye sifa zake rasmi zimeandikwa katika waraka namba 43.

Basenji ametoka katika misitu ya Kongo na katika nchi ya Wazande, eneo linalogawanywa leo na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni mbwa wa kijijini kama koko alivyo mbwa wa mtaani, isipokuwa kwamba Wazungu walimchukua, wakamwandika daftarini na kumpa jina ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa. Kwa kuwa ameandikwa, mambo mengi yanayomhusu yanajulikana, na kwa kumtazama yeye ndipo koko naye anapoeleweka.

Kwa mujibu wa waraka huo dume la basenji lina kimo cha sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11. Jike lina sentimita 40 na kilo 9.5. Miguu ni mirefu kwa mwili wake na mgongo ni mfupi. Masikio yanaposimama, ngozi ya kipaji hujikunja na kufanya makunyanzi madogo mengi, na hayo ndiyo yanayompa uso wa mtu mwenye mashaka. Mkia umeota juu sana, nao hujiviringa mzingo mmoja au miwili na kulala ubavuni mwa paja. Rangi zinazokubaliwa ni nyekundu na nyeupe, nyeusi na nyeupe, rangi tatu pamoja, na ile ya milia myeusi juu ya wekundu; weupe wa miguu, kifua na ncha ya mkia ni sharti. Akiwekwa koko wa Mtaa wa Sikukuu kando ya basenji wa maonyesho, tofauti zitaonekana: koko ana kipaji laini, mkia uliolegea zaidi, na mara nyingi mwili mkubwa kidogo. Lakini hata mtu asiyejua mbwa hataacha kuona kwamba wawili hao ni wa jamii moja.

Waamuzi wa maonyesho hutazama umbo. Jeni husema mambo mengine. Mwaka 2004 jopo la Heidi Parker lilichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jeni za mbwa 414 wa mbegu 85. Kundi la kwanza kujitenga na mbegu nyingine zote lilikuwa na Akita, Husky, Malamute wa Alaska na Chow Chow wa China, na pamoja nao basenji. Magazeti yakashika habari hiyo kwa furaha, yakatangaza kwamba mbwa wa zamani kuliko wote duniani wamepatikana. Tafsiri hiyo ilikuwa ya haraka mno. Miaka minane baadaye Greger Larson na wenzake walionyesha kwamba mbegu hizo zinaonekana za kale kwa sababu nyingine: zilikuwa mbali, au zilitengwa, wakati mbwa wa Ulaya walipochanganywa kupita kiasi katika karne ya 19. Maonyesho rasmi ya kwanza ya mbwa yalifanyika Newcastle mwaka 1859, chama cha kwanza cha wafugaji kikaundwa London mwaka 1873, na mbegu nyingi zinazoitwa za asili zilitengenezwa katika miongo iliyozunguka tarehe hizo. Basenji hakuwepo katika mchanganyiko huo. Spitsi wa Siberia na Japani nao hawakuwepo. Kilichowaweka pamoja ni kukosekana kwao.

Asili ya mbwa wa Afrika haiko kwenye theluji, wala haiko Afrika. Mbwa alitokana na mbwamwitu wa Ulaya na Asia, na hakuna mbwamwitu wa namna hiyo aliyewahi kuishi kusini mwa Sahara; mbwamwitu wa Serengeti na Selous ni mnyama mwingine kabisa, hawezi hata kuzaa na mbwa wa nyumbani. Uchunguzi wa jeni za mbwa 27 wa kale, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba mbwa wa Afrika wa leo wanafungamana na mbwa aliyeishi Mashariki ya Kati miaka kama 7,000 iliyopita. Mifupa ya zamani ya mbwa barani Afrika imepatikana Merimde, kwenye mto Nile kaskazini mwa Misri, nayo ni ya milenia ya 5 kabla ya Kristo. Katika michoro ya makaburi ya Misri ya kale wanaonekana mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyoviringika, wakiwa chini ya kiti cha bwana wao au wakimfukuza swala.

Kutoka Misri kuelekea kusini safari ilikuwa ya polepole ajabu. Mifupa ya kale zaidi ya mbwa kusini mwa Afrika, iliyofukuliwa Diamant katika jimbo la Limpopo, ni ya karne ya 6 baada ya Kristo. Ni takriban miaka 5,000 kati ya Merimde na Limpopo. Mwanaakiolojia Peter Mitchell ameeleza kuchelewa huko kwa maradhi, na maelezo yake yanamkaa vizuri mtu anayeijua nchi. Mbwa aliyevuka Sahel alikutana na mbung'o na vimelea vya malale, akakutana na babesia na erlikia wanaoletwa na kupe, akakutana na lishmania. Katika ukanda huo mbwa wa kigeni hufa mpaka leo. Msafiri wa karne ya 19 aliyeleta mbwa wa Kiingereza Bagamoyo na kutaka kwenda naye Tabora alikuwa anampeleka machinjioni.

Waliobaki hai ndio wazee wa koko. Mwaka 2018 watafiti waliosoma jeni za mbwa wa kienyeji wa Kenya na Nigeria waliona kwamba jeni iitwayo ADGRE1 imechujwa sana katika mbwa hao. Jeni hiyo inahusika na kinga ya mwili dhidi ya vimelea vya damu. Hapo ndipo penye jibu la swali la mbegu. Mchungaji wa Ujerumani alichagua mbwa kwa kimo na mwendo, mwanamke tajiri wa London akachagua kwa urefu wa manyoya, na mbung'o naye akachagua kwa namna yake. Uchaguzi wa mbung'o ulidumu maelfu ya miaka na haukuwa na upendeleo.

Utafiti wa Adam Boyko na wenzake wa mwaka 2009 ulipima dai hili la kwamba koko ana mbegu kwa upande mwingine. Walichukua damu ya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, wakawalinganisha na mbwa wa mbegu zinazosemekana kuwa za Kiafrika. Basenji alikaa pamoja na mbwa wa vijijini wa Afrika. Mbwa wa Farao, anayeuzwa kwa jina la Misri, na Ridgeback wa Rhodesia, anayeuzwa kwa jina la simba, walionekana kuwa na damu ya Ulaya kwa sehemu kubwa. Kwa maneno mengine, mbwa wa karibu na Kampala asiyejulikana na yeyote alikuwa Mwafrika zaidi ya wawili wenye vyeti.

Basenji aliandikwa kwa mara ya kwanza kwa urefu na Georg Schweinfurth, Mjerumani mwenye asili ya Riga aliyesafiri nchi ya Wazande kati ya 1868 na 1871. Alieleza mbwa wadogo, wenye masikio makubwa yaliyosimama, manyoya mafupi ya kung'aa na mkia mfupi uliojiviringa kama wa nguruwe mchanga, na kwa kutafuta mfano ambao wasomaji wake wangeuelewa, akawafananisha na spitsi wa kwao. Uhusiano wa mbwa wa Afrika na spitsi, kwa hiyo, ulianzia katika macho ya Mjerumani aliyekuwa mbali na nyumbani. Shirikisho la Ubelgiji limeurithi.

Kuwapeleka Ulaya kulishindikana mara kadhaa. Jozi iliyoonyeshwa London mwaka 1895 ilikufa kwa distempa muda mfupi baadaye. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka Uingereza mbwa sita kutoka Sudan, wakafa wote baada ya kudungwa chanjo ya distempa, ambayo enzi hizo ilikuwa bado ya majaribio. Mbwa aliyeshinda malale na kupe hakuwa na kinga yoyote dhidi ya ugonjwa wa mtaani wa Ulaya. Ni Olivia Burn aliyefanikiwa. Mbwa wake walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, na watu walijaa kuwatazama. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alikwenda mwenyewe kusini mwa Sudan na kurudi na jike aliyeitwa Fula, ambaye damu yake imo karibu katika kila basenji wa maonyesho wa leo.

Sentensi hiyo ya mwisho ina tatizo ndani yake. Mbegu nzima ilijengwa juu ya mbwa wachache mno, daftari likafungwa, na ndugu wakaanza kuzaa na ndugu. Katika miongo iliyofuata basenji wa Ulaya na Marekani walionekana kuugua maradhi ya kurithi. Mojawapo ni ugonjwa wa Fanconi, unaoharibu figo kiasi kwamba sukari, chumvi na protini hupotelea kwenye mkojo. Dalili huanza mbwa akiwa mtu mzima, mara nyingi baada ya kuwa tayari amezaa. Mwingine ni upungufu wa damu unaotokana na chembechembe nyekundu kuvunjika kabla ya wakati. Wafugaji wa Marekani walilazimika kurudi walikotoka. Mwaka 1987 na 1988 Jon Curby na Michael Work walikwenda kaskazini mwa Zaire kutafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990 chama cha Marekani, AKC, kikafungua daftari lake kupokea mbwa 14 wapya. Mbwa waliokuwa wakizurura vijijini bila karatasi ndio waliokuja kuokoa wenye karatasi. Baadhi yao walikuwa na milia, na ndipo rangi hiyo ilipokubaliwa.

Tabia za basenji ni za mbwa wa porini aliyezoea watu bila kuwategemea. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, wakati majike ya mbegu nyingi hupata mara mbili. Hujisafisha kwa kujilamba mwili mzima na hana harufu kali. Hufundishika, lakini hutii akipenda. Kinachomfanya ajulikane duniani ni sauti: habweki. Zoloto yake imeumbwa tofauti, na badala ya kubweka mfululizo hutoa mlio wa kupanda na kushuka, unaokaribia wimbo, hasa anapofurahi. Si bubu. Hunguruma, hulia, na akifungiwa peke yake hupiga yowe la kuwaamsha majirani. Katika msitu wa Ituri, Wambuti na Waefe huwinda naye funo na paa. Mbwa huwatoa wanyama vichakani kuelekea kwenye nyavu au kwa wapiga mishale. Na kwa kuwa habweki na majani yanamficha, hufungwa shingoni kengele ya mti ili wawindaji wajue alipo.

Koko wa Dar es Salaam anabweka, na ni hilo linalompa kazi.

Kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi baada ya saa moja usiku, fremu zinapofungwa na Mtaa wa Msimbazi unapoanza kupungua watu. Jengo la Soko Kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limezungukwa na mitaa iliyojaa mali ya mamilioni nyuma ya milango ya mabati: vitenge, simu, vyombo vya plastiki, vipuri. Mlinzi wa usiku mwenye kirungu na tochi hulinda fremu kadhaa peke yake. Mbwa wawili au watatu waliozoea kulala karibu naye, ambao hakuwanunua wala hakuwafundisha, humwongezea masikio. Hawamkamati mwizi. Hubweka mgeni anapoingia uchochoroni, na mlinzi humulika. Malipo yao ni ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa na mifupa ya mishkaki, na makubaliano hayo hayajaandikwa popote.

Zamani mbwa huyo alikuwa na mahali pake penye paa. Waingereza walioiteka Dar es Salaam mwaka 1916 walilitumia eneo hili kuweka wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao ndicho kilichoipa Kariakoo jina. Baadaye Kariakoo ilijaa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi wa katikati, baraza mbele na ua nyuma. Ua ulikuwa na jiko, choo, kisima au bomba, kuku, na katika nyumba nyingine mbwa. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba hizo zilianza kubomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya biashara yanayojaza kiwanja chote. Ua ukatoweka. Mbwa walisogea kwenye maeneo yaliyobaki wazi: viwanja vya ujenzi ambako mlinzi hukaa miezi mingi, pembezoni mwa reli, na bonde la Jangwani, ambako mto Msimbazi huwafukuza kila masika.

Dini nayo imeamua mahali pake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Ndiyo maana mbwa wa Kariakoo hukaa nje ya kizingiti, na mwanamume anayekwenda swala ya alfajiri humkwepa kwa mbali ili nguo isiguswe na unyevu wa pua yake. Mara nyingi hilo huelezwa kama chuki, na hayo ni maelezo ya juujuu. Fikihi hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni katika Suratul Kahf anajulikana na kila mtoto wa madrasa. Kwa sheria hiyo mbwa ana kazi yake na mipaka yake. Koko ameishi ndani ya mpango huo kwa karne nyingi, na umbali anaouweka kati yake na mtu, ule wa hatua mbili tatu zisizopungua, umetokana nao kwa kiasi kikubwa.

Chakula chake ni cha mjini. Wanga ndio mwingi: chipsi zilizobaki, wali wa mama lishe, ugali uliokauka. Mbwamwitu asingeweza kuishi hivyo. Utafiti wa Erik Axelsson wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwamwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha wanga, wakati mbwa walioishi na wakulima wana nakala nyingi zaidi. Nyama huipata nyuma ya mabucha na, kwa wanaofika, kwenye soko la samaki la Feri. Mwili mdogo wenye manyoya mafupi unafaa lishe ya namna hiyo, kwa maana mbwa wa kilo 40 hawezi kushiba kwa makombo ya uchochoro mmoja.

Mbwa wa kilo 40 wapo mjini, hata hivyo. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na makampuni ya ulinzi pamoja na wenye nyumba kubwa hupenda mbwa wa Kijerumani, yaani jamani shepadi. Wachache hutoroka, wengine huachwa kuzurura usiku, na watoto chotara huzaliwa. Kizazi cha kwanza hujulikana kwa mgongo mweusi, manyoya marefu shingoni na kifua kipana. Wauzaji huwasifu kwa damu ya baba na kumnyamazia mama. Watoto hao wakibaki mtaani bila dawa ya kupe, wengi hufa. Wanaopona huzaa na koko, na baada ya vizazi vichache mgongo mweusi unafifia, manyoya yanafupika na kimo kinashuka. Mtaa huwarudisha kwenye umbo la mbwa wa kati, mwekundu, mwenye mkia wa kupinda. Mbegu inayojirudisha yenyewe bila mfugaji haistahili kuitwa isiyo mbegu. Afrika Kusini wameliona hilo: tangu miaka ya 1990 Johan Gallant na wenzake wamekuwa wakiwatambulisha mbwa wa vijijini kwa jina la Africanis, kama mbegu ya nchi iliyoumbwa na mazingira yake, na wamekataa kuichagulia rangi au kimo kimoja kwa ajili ya maonyesho, wakijua yaliyompata basenji.

Umri wa koko ni mfupi. Basenji anayetunzwa hufika miaka 13 au zaidi, lakini watoto wengi wa mbwa wa mtaani hawamalizi mwaka mmoja: magari, minyoo, parvo, distempa na kupe huwamaliza. Ugonjwa unaowahusu watu ni kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya binadamu nchini Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, na karibu vyote vinatokana na kuumwa na mbwa. Mtu akishaanza kuonyesha dalili haponi. Akioshwa jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuanza chanjo mapema, hupona karibu kila mara. Tatizo ni bei ya sindano na umbali wa kituo chenye nayo.

Kuua mbwa mitaani kumejaribiwa mara nyingi, na hakujawahi kuondoa ugonjwa. Nafasi ya aliyeuawa hujazwa na mbwa kijana anayehamia, asiye na chanjo. Kinachofaulu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kampeni kila mwaka, kwa kuwa watoto huzaliwa haraka. Kati ya 2010 na 2015 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates, lilishirikiana na serikali katika kampeni za chanjo kwenye wilaya 28 za kusini-mashariki mwa nchi, pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa uliisha mwaka 2014, ukaingia tena 2016, chanjo zikarudishwa, na mgonjwa wa mwisho miongoni mwa mbwa akaonekana 2018.

Kampeni hizo zilifundisha jambo ambalo wakazi wa Kariakoo walikuwa wakilijua bila kuliandika. Wachanjaji walitarajia kukuta mbwa wasio na wenyewe, wasioshikika. Sehemu nyingi za Tanzania waliona kinyume chake: mbwa anayezurura bila mkufu mara nyingi ana mtu, na mtu huyo, akitangaziwa siku na mahali, humleta kwa kamba ya katani au humtuma mtoto ambebe. Kwa koko wa sokoni mwenyewe huyo ni mlinzi wa usiku, au mama lishe, au fundi anayelala kwenye jengo analolijenga, na wachanjaji wanaotaka kumpata hufika kabla fremu hazijafunguliwa, wakati mlinzi bado yupo zamu na mbwa bado wako miguuni pake.